Nilimwandikia mama mtu mzima "JITAHIDI" kwa kalamu nyekundu, darasa zima likasusa

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa, na chumvi sitaongeza.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, diploma ya elimu ya watu wazima. Field, yaani mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa darasa la kisomo huko Misungwi: akina mama wakulima kumi na mmoja wanaojifunza kusoma na kuandika.

Kila siku natoka kwangu Mabatini na lesson plan safi. Kwa kujiamini sijambo, hata leo.

Wiki ya pili nikakusanya madaftari. La Mama Minza, mkubwa kuliko wote, lilikuwa na makosa kila mstari. Nikapiga X nyekundu, chini nikaandika JITAHIDI, nikatia sahihi, nikamrudishia. Mimi mwenyewe nilisahihishiwa hivyo tangu la kwanza, nikajua nimefanya kazi.

Kesho yake madawati matupu. Jamani!

Na mkufunzi wa kunipima anakuja Alhamisi. Bila wanafunzi hakuna maksi, na bila maksi narudia mwaka.

Nikamfuata Mama Minza kwake. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda.

"Mwalimu, wajukuu zangu wanajua kusoma. Wamefungua daftari wakanicheka, mkwe wangu amekaa hapo hapo. Nimezika mume, nimelima peke yangu watoto wakasoma. Leo naambiwa nijitahidi?"

Wenzake walikuwa wamesusa kwa ajili yake. Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikaomba radhi. Akanipa ungo wa mchele aliokuwa anapepeta. "Haya, pepeta."

Nikarusha mara mbili, mchele wote chini, kuku wakafanya sherehe. Wajukuu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akawafukuza, akanishika mikono, tukapepeta wote mpaka nikashika mwendo.

Hapo ndipo nikaelewa. Chuoni tulifundishwa kabisa kwamba mtu mzima anakuja darasani na heshima yake. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani na nikalipata! Kumbe nilikariri tu.

Alhamisi walikuja wote, Mama Minza mbele. Kalamu nyekundu niliiacha nyumbani. Nilikaa kando ya kila mmoja na penseli, kosa tunalifuta pamoja hapo hapo, daftari linaenda nyumbani safi. Mkufunzi akanipitisha.

Siku ya kuaga nikapita kwa Mama Minza. Akaomba daftari langu la maandalio, halafu akaomba kalamu nyekundu, siku hiyo nilikuwa nayo mkobani. Akaandika taratibu, herufi zimelala upande lakini hakuna hata moja iliyokosewa:

UMEFAULU. JITAHIDI.

Akatia na sahihi. Wajukuu walikuwa wamemzunguka wanaangalia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nilichojifunza: daftari la mtu mzima linasomwa na nyumba nzima, kwa hiyo angalia unachoandika humo.

Walimu mliomo humu, nyie field iliwafundisha nini? Na mnaotaka kusema hii ni chai ya kutunga, karibuni Mabatini, daftari ninalo.