Ng'ombe Juu ya Jalada

Siku ya kwanza kazini niliambiwa ninawe mikono mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, nimetoka kwetu Bashay na gauni moja la kushindia na jingine la kanisani, na nilidhani nimekuja Dongobesh kufagia duka. Mwenye Duka, Mzee Shabani, alinisimamia hadi nikajifuta maji, kisha akaniwekea mbele kitabu cha katuni.

"Kifungue," akasema.

Nikakifungua kama mtu anavyosukuma mlango uliobana. Kikalia kraa!

"Binti! Hicho si ndizi. Unakifungua au unakimenya?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia. Duka lile liliuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa kama maduka mengine, lakini rafu ya nyuma ilikuwa ya katuni, vile vitabu vyembamba vya hadithi za picha. Vilifika kutoka Arusha vimechanganyika na marobota ya magazeti ya zamani. Wenzake waliona karatasi za kufungia sukari, Mzee Shabani aliona mali. Ninyi mnaosoma katuni kwenye simu hamjui kwamba karatasi nayo huugua. Pini, vile vyuma viwili vinavyoshika kurasa katikati, zikishika kutu zinakula karatasi. Mgongo, pale kitabu kinapokunjwa, ukivunjika haurudi. Mzee Shabani alikuwa na majina yake. Kitabu kisicho na mkunjo, doa wala kalamu alikiita mzima. Kilichochanika kikatibiwa alikiita mgonjwa. Kisichotibika kilikuwa marehemu, na hicho ndicho kilichofungia sukari.

Nilipoweza kutofautisha hao watatu bila kuuliza, alinipeleka Mbulu mjini kwa dada yake, Bi Rukia. Yeye alikuwa Msimamizi wa tawi, na tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye benchi. Msomaji alilipa kidogo, akakaa, akasoma, akarudisha. Bi Rukia alinifundisha kupika gundi ya unga wa ngano, nyepesi kama uji wa mtoto, na kubandika karatasi laini nyuma ya palipochanika. Kwa kalamu hakuwa na msamaha. Kijana mmoja wa sekondari, Tluway, aliandika jina lake juu ya jalada akidhani hajaonekana.

"Umeandika jina lako?" Bi Rukia akamwuliza.

"Kidogo tu, Bi Mkubwa."

"Basi umeshaoa. Lipa mahari, mchukue mkeo mwende."

Akalipa, benchi nzima ikimwimbia nyimbo za harusi.

Kutoka Mbulu nilipelekwa Katesh, na huko nilikuwa peke yangu, nina kibanda cha mbao sokoni. Mzee Shabani alipofunga biashara kwa uzee aliniita Dongobesh. Akatoa kwenye sanduku toleo la kwanza la hadithi ya Dereva, yule wa lori aliyependwa na kila msomaji wa wakati ule. Lilikuwa zima kabisa, limevalishwa nailoni, na jalada lake liling'aa.

"Hiki ndicho kiinua mgongo chako," akaniambia. "Siku ukiwa na shida ya kweli, kitakusaidia. Lakini kiwe kama kilivyo."

Shida ya kweli ilifika kwa mdomo wa Mtendaji wa Kata. Soko la Katesh linahama, akatangaza, na kila mwenye biashara ataonyeshwa eneo jipya. Atakayesimamisha kibanda cha bati kabla ya siku ya kuhamia, eneo ni lake. Atakayeshindwa, atapewa mwingine. Mimi nilikuwa mjane, nina binti yangu Paulina na kaka zake wawili shuleni, na bati hata moja sikuwa nalo.

Nikampigia simu Mkusanyaji, Bwana Elibariki wa Arusha. Mkusanyaji ni mtu anayenunua katuni za zamani si kwa kuzisoma, bali kwa kuzitunza kabatini. Alikuwa amelitafuta toleo lile kwa muda mrefu. Bei aliyotaja ilitosha nguzo, mabati na fundi. Akasema anakuja Jumamosi.

Ijumaa nikaitwa ofisini kwa Mtendaji kuonyeshwa eneo. Kibanda nikamwachia Gidamis, mfugaji wa Dirma, mteja wangu wa siku nyingi. Kusoma hakujua sana, ila picha alizisoma kuliko mimi. Nilimwonyesha toleo la Dereva, nikamwambia mnunuzi wa Arusha anakuja kesho, asimpe mtu yeyote.

Nilirudi nimefurahi, maana eneo langu lilikuwa la kona. Nikamkuta Gidamis ameketi na mzee mwenye kofia ya sufu, wamekiweka kitabu changu kati yao, na yule mzee anakipuliza ili wino ukauke.

"Mama Paulina, karibu!" Gidamis akaita. "Huyu ndiye Mzee Kondo, mwenyewe aliyemchora Dereva! Basi lao limeharibika hapo stendi, akaja kupumzika kwetu."

Nikatazama. Juu ya jalada, kwenye uwazi wa mbingu kando ya lori, amesimama ng'ombe aliyechorwa kwa kalamu nene nyeusi, sikio la kushoto lina mikato miwili. Chini yake: *Kwa Mama Paulina wa Katesh*, halafu saini.

"Nani amekuambia uchore?" nikamwuliza.

"Huyu ndugu," akasema Mchoraji. "Tena alinisimamia. Mkato wa kwanza aliniambia umekaa vibaya, nikiuacha hivyo ng'ombe atakuwa wa jirani."

Gidamis alikuwa na sababu yake, na aliisema bila wasiwasi. "Unamwuzia mtu wa Arusha kitu kikubwa namna hii, hakina alama hata moja! Mnadani ng'ombe asiye na alama anakamatwa, na anayemwuza anakamatwa. Alama yako siijui, nimeweka yangu ya sikioni. Jina ni lako. Nimekuokoa, mama."

"Umeniokoa?" Nikakaa kwenye ndoo.

Mchoraji akaona uso wangu. "Mama, mimi ndiye baba yake. Baba akimbariki mwanawe, mtoto anaharibika?"

"Ulishamwoza zamani, baba. Alikuwa kwa wakwe, na kesho anachukuliwa tena. Wewe umekuja kumpaka masizi usoni."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza afanye nini. La kufanya halikuwepo, wino ule haufutiki. Basi lao, limeshatengenezwa, likapiga honi, akaondoka ameinamisha kofia.

Jumamosi Bwana Elibariki akafika, akanisalimia shikamoo, nikaitikia, nikampa kitabu bila maelezo. Akalielekeza jalada kwenye mwanga.

"Mama, saini peke yake, ndani, ukurasa wa mwisho, ningeichukua kwa furaha. Hata mchoro, kama uko mahali patupu. Lakini juu ya jalada! Halafu ina jina la mtu. Nikikiweka kabatini, kila mgeni ataniuliza Mama Paulina ni nani."

"Mwambie ni mimi."

Alicheka, lakini hakununua. Simlaumu hata leo. Alikuja kutafuta mzima, akakuta mgonjwa.

Gidamis alikuwa pembeni, amesikia yote. Alichukua fimbo yake, akaenda bila kuaga. Nikasema moyoni, huyo ndio basi tena, amekimbia. Jumanne nilikwenda kuliaga eneo langu la kona. Nikamkuta ameshafika na ndugu zake, wameleta nguzo kwa mkokoteni wa punda na mabati mapya yaliyofungwa kamba. Alikuwa amempeleka dume mnadani. Neno pole halikumtoka. Aliniuliza mlango utazame wapi.

Nikamwambia barabarani.

Katika kibanda kile nimefanya kazi hadi magoti yaliponikataza. Paulina na kaka zake walisoma kwa ada ya benchi la wasomaji nililoweka humo. Leo kibanda ni cha mkwe wangu, Restituta, anatoa fotokopi na kuuza madaftari, na katuni chache amezining'iniza ukutani kwa heshima yangu.

Vijana wananiuliza, bibi, saini ya mchoraji inaongeza thamani au inaharibu? Ninajibu bila kuzunguka. Juu ya jalada inaharibu, hata kama aliyeandika ndiye aliyechora, kwa sababu jalada ni uso na limekwisha kuchorwa. Ndani, mahali patupu, inaongeza, ila awepo shahidi aliyeuona mkono ukiandika. Na mchoro wenye jina la mtu ni wa mtu huyo, sokoni hauna safari ndefu. Gidamis hakubali hata moja. Kila akija hapa nyumbani anakitoa kitabu, anamtazama ng'ombe wake, anasema mimi na watu wa Arusha hatujui mali.

Mwaka jana Bwana Elibariki alirudi, naye sasa ana mvi. Mzee Kondo mikono inatetemeka, akaniambia, hachori tena, na michoro ya mkono wake imekuwa adimu. Anakitaka kitabu, pamoja na ng'ombe, pamoja na jina langu.

"Si ulisema kimeharibika?"

"Nilisema, mama. Sasa nasema vingine."

"Mimi bado nasema kimeharibika. Tena sina tena kibanda cha kujenga. Lakini hata ningetaka kuuza, ng'ombe huyo ana alama ya mtu. Nenda Dirma kwanza, ukaongee na mwenyewe."

Alidhani namtania. Alipoona sicheki, akawasha gari akaenda. Alirudi jioni viatu vimejaa vumbi, amepewa maziwa, amepewa asali, ruhusa ya kitabu hakupewa.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Amesema ng'ombe ana mimba, na yeye hauzi ng'ombe mwenye mimba."

Alipoondoka nilivaa miwani, nikakitoa kitabu kwenye nailoni. Miaka yote ile nilikuwa nikitazama sikio. Kweli, tumbo ni kubwa.