Docta Aliyeacha Kazi kwa Bic Nyekundu

Jumatatu asubuhi docta wetu aliacha kazi kwa bic nyekundu.

Si utani. Barua niliikuta mezani kwangu: imeandikwa kwa mkono, kwa wino mwekundu, kopi tatu.

"Ninaacha kazi Ijumaa saa sita mchana," iliandikwa, "mpaka agizo jipya."

Mimi ni Jessé Masengo. Ninasimamia ofisi ya hospitali moja ndogo hapa Kamina, na nina miaka ishirini kwenye makaratasi. Sishtuki ovyo. Siku hiyo nilishtuka, maana docta tunaye mmoja tu, Talitha. Akiondoka, wodi zinabaki na manesi na maombi.

Nikamfuata.

"Docta, hii ni nini?"

"Njo procédure, Papa Jessé. Bic ya rouge, kopi tatu, mukono ya docta mwenyewe. Minyi nafwata tu sheria."

Sheria hiyo kila mtu hospitalini anaijua. Mgonjwa akitoka, docta mwenyewe ananakili fishi yake yote, ile karatasi ya matibabu, mara tatu, kwa mkono, kwa wino mwekundu. Si nesi, si karani. Docta. Imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Mwisho inasema "mpaka agizo jipya", na chini yake kuna saini kama nyayo za kuku.

Jumanne nilichukua saa nikapima. Fishi kumi na sita, kopi arobaini na nane, saa tatu na dakika kumi.

Muda wote huo Bibiche, mama aliyekuja kwa treni kutoka Luena na mtoto anayeharisha, alikaa kwenye benchi akimtazama docta akiandika.

"Papa," akaniuliza, "docta iko anaandikia nani barua yote ile? Muchumba yake?"

 Swali lake nikaondoka nalo.

Nikaenda kwa Mama Hawa, nesi mkuu. Wazee wake ni wafanyabiashara wa Maniema, naye anaweza kubishana na mvua.

"Mama Hawa, hii sheria ilitoka wapi?"

"Kwa ba-inspecteur! Weye unataka bafunge hospitali?"

"Uliisoma wapi?"

"Docta Ézéchias wa zamani alifanyaka hivi mupaka akazeeka akaenda retraite. Kila muntu anajua."

"'Kila muntu anajua' si kitabu, mama."

"Eh, Papa Jessé! Angalia ile signature. Muntu mudogo anaweza kusaini vile? Ile njo mukubwa!"

Hapo alinipata, nakiri. Hata mimi niliamini hivyo. Kwetu saini inayosomeka ni ya karani. Isiyosomeka ni ya waziri.

Jumatano nilisoma kanuni zote zilizo kwenye kabati langu, ukurasa kwa ukurasa. Fishi ijazwe, isainiwe, itunzwe. Basi. Rangi ya wino haikuwemo. Kopi tatu hazikuwemo. Docta kugeuzwa mashine ya fotokopi, hakuna.

Alhamisi nilimpigia inspekta wa mkoa. Alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga tena.

"Papa, siye tulifikiri ni sheria yenu ya ndani. Tulikuwa tunabasifu mu rapport: hospitali ya discipline!"

"Kwa hiyo naweza kuifuta?"

"Haiko yetu, tutaifutaje? Tafuta muntu alisaini. Yeye njo afute."

Wao walidhani ni yetu, sisi tulidhani ni yao. Na katikati docta alikuwa akiandika.

Ijumaa saa tatu asubuhi niliishusha fremu. Mama Hawa akashika kichwa.

"Yoo! Unafungua kintu ya Leta!"

Kwake Leta, yaani serikali, haiguswi bila barua.

Kioo kilipotoka, karatasi ikajikunjua. Kumbe ilikuwa imekunjwa juu na chini ili itoshe kwenye fremu. Miaka tisa hakuna aliyeona mikunjo ile.

Mkunjo wa juu ulisema: "Machi 2016. Karatasi za karboni zimeisha. Bic za bluu zimeisha, zimebaki nyekundu. Treni ya vifaa imekwama Luena. Karani amevunjika mkono. Docta Ézéchias amekubali kunakili fishi mwenyewe kwa sasa."

Mkunjo wa chini, chini ya zile nyayo za kuku, ulikuwa na jina lililopigwa kwa mashine.

J. Masengo, karani.

Mimi.

Mwezi ule nilianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kaniama. Mkono wa kulia ulikaa kwenye plasta wiki sita. Nilisaini kwa kushoto. Treni ikafika, plasta ikatoka, na agizo jipya sikuliandika. Kisha nikasahau hata lile la zamani.

Miaka tisa nilikuwa namwogopa yule mkubwa.

Mama Hawa alisoma mara mbili. Akakaa sakafuni kwa kicheko.

"Kumbe mukubwa njo weye! Mukubwa ya mukono ya kushoto!"

Saa tano na dakika arobaini nilitundika agizo jipya. Nilisaini kwa mkono wa kulia. Saini inasomeka.

Docta Talitha akatokea, begi begani. Akasoma la zamani, akasoma jipya.  Nilitazama saa ya ukutani: zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa sita.

"Papa Jessé. Miaka mbili minyi naandika sababu ya mukono yako?"

"Ndiyo, Docta. Pardon."

"Barua yangu inaisha namna gani?"

"'Mpaka agizo jipya.'"

"Na hii pa ukuta ni nini?"

"Agizo jipya."

"Basi rudisha barua yangu. Kopi zote tatu."

Akaitoa bic ya bluu kwenye mfuko wa shati langu bila kuomba, akaweka begi chini ya meza.

"Nani iko wa kwanza?"

Alikuwa Bibiche, mtoto wake amepona, anataka kurudi Luena. Fishi yake ilichukua dakika nne. Nilipima.

Siku hizi kila agizo ninaloandika lina tarehe yake ya kufa.

Nanyi mkiambiwa "ni sheria", ombeni kuiona. Isomeni mpaka kwenye mikunjo. Kisha mtafuteni aliyeisaini. Huenda ni mtu unayemnyoa ndevu kila asubuhi mbele ya kioo.