Herufi Zenye Miguu

Famau wa Kizingitini alimdhulumu mkewe kazi ya mikono yake. Zile herufi nene kwenye vibao vya majina ya vyombo vya baharini, zilizosifiwa mpaka Pate, alizichora Mwanamkisi kwa makaa. Famau alifuata tu kwa patasi.

Mwanamkisi hakusoma. Herufi za kizungu alizipata kwenye kasha la chai alilowekea nguo: shina nene, mkono mwembamba kama uzi, na chini vijiguu vya kusimamia. Hakujua zinatamkwaje, alijua zinasimamaje. Mwenye chombo alileta jina limeandikwa kwa kalamu, naye akalinenepesha ubaoni, ukumbini, mlango umefungwa. Famau alipotaka kuongeza dua nzima kwa unene uo huo, alimkataza. Herufi hizi ni za neno moja, alimwambia, la kuonwa na mtu aliye katika chombo kingine. Ukizijaza ubao mzima zitakuwa kama watu wanaogombana sokoni, hakuna anayesikika. Dua iandikwe nyembamba.

Kila siku ya kushua chombo, kukiteremsha majini, wanawake hawakushuka pwani. Huko ilisomwa Fatiha, na mafundi wakatajwa na kuombewa mmoja mmoja: aliyepasua mbao, aliyekalafati nyufa kwa pamba, aliyechonga jina. Mwanamkisi aliketi uani akamsikia Famau akitajwa, mwaka baada ya mwaka. Na alipomwacha akaenda kuoa kijiji cha Mbwajumali, Famau alichukua hata mifano ya herufi aliyoikata mkewe kwenye makaratasi magumu.

Kisha mtu mmoja, Bwanamkuu, akaunda mashua, akataka iitwe Zuhura. Herufi ya kwanza Famau hakuwa nayo. Hata kwenye kasha haikuwapo. Akaja mwenyewe kubisha mlango wa Mwanamkisi.

"Ndia ya huku umeikumbuka, Bwana? Nalidhani imeota nyasi."

Famau alicheka kidogo, akamwonyesha aliyoijaribu. Ilikuwa kama kiti kilichovunjika.

"Umenenepesha juu na chini," alisema Mwanamkisi. "Unene ni wa huu unaokwenda mshazari. Hiyo miwili iache iwe uzi, uitilie vijiguu."

Alikubali kuichora kwa sharti moja: kabla ya Fatiha, Famau aseme mbele ya watu kwamba mchoraji ni Mwanamkisi binti Mohdhar. Famau akaapa kwa Mungu. Alikaa mpaka kazi ikaisha, akaomba maji, akanywa. Tangu talaka hakuna mtu aliyekuwa ameketi ukumbini mle.

Siku ya kushua, Mwanamkisi aliegemea ukuta wa uani, hata kuku akawafukuza wasipige kelele. Akatajwa mpasua mbao. Akatajwa mkalafati. "Na Famau, aliyelitia jina." Amin ya mji mzima ikapanda, kisha wakaanza kuvuta kamba.

Mashua inakwenda Amu na kurudi, na jina lake linaonekana kutoka mbali. Famau hajabisha tena. Bado anadaiwa maneno aliyoyaapa, ayaseme mbele ya wanaume wale wale. Na anadaiwa dua zote zilizomstahili Mwanamkisi, ambazo mpaka leo anaombewa yeye.