Jumapili ya Trekta Ufukweni Eyasi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye kambi za kahawa upande wa Oldeani, bahari tuliijua kwa ramani tu, ile iliyotundikwa darasani na kupauka hata bluu yake ikawa kama maji yaliyofuliwa nguo. Lakini ufuko tulikuwa nao. Ulikuwa chini kabisa ya bonde, kando ya Ziwa Eyasi, mwendo wa kama saa tatu kwa trekta. Haukuwa na hoteli wala kibanda cha soda, wala mtu wa kukuuliza unatoka wapi. Ulikuwa mweupe tu, mpaka macho yanauma.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka kambi zilivyokuwa. Nyumba za mabati zimepangwa kama vibweta, moshi wa kuni za mibuni, harufu ya kahawa iliyomenywa ikichacha mtoni. Jirani wa kushoto katoka Singida, wa kulia Dodoma, wa mbele Mbulu, na kila mmoja akipiga Kiswahili chenye ladha ya kwao. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi na kombolela katikati ya mibuni, tukirudi na magoti yaliyochubuka ambayo hakuna aliyeyaulizia. Siku hizi mtoto akijikwaa, familia nzima inatumiwa picha.

Chakula kilikuwa makande, na kesho yake makande. Ukinung'unika, Baba alisema, "Anayechagua chakula ana shibe ya jana." Basi tulikula. Ila mwanzoni mwa miaka ya themanini ukaja uhaba, na hata makande yakapoteza heshima. Sabuni ilikosekana, sukari ikawa hadithi, halafu chumvi nayo ikatoweka dukani. Maharage bila chumvi, msomaji uliyeyala utaniunga mkono, ni kama kutafuna karatasi iliyochemshwa.

Kiangazi hicho habari zilipanda kutoka Mang'ola kwamba Eyasi limekauka pembeni na chumvi imeota juu ya tope. Kina mama wa kambi wakamwendea Baba, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa dereva wa trekta. Kila baada ya Jumapili mbili Meneja alimruhusu kulitoa na tela lake akalete kuni za wafanyakazi, mwisho wa shamba, basi. Kwenda bondeni lilikuwa jambo jingine. Dereva aliyelipeleka trekta asikotumwa alifukuzwa, na aliyefukuzwa alirudisha ufunguo wa nyumba siku hiyohiyo. Baba alikuwa ametoka Singida kijana, kwao hakuwa na shamba lililobaki, na mama yangu, Mwiraqw wa Endamarariek, alikuwa na kaka zake wanne wakigombea eka za baba yao. Hatukuwa na pa kwenda. Hayo nilikuwa nayajua hata mimi, wa darasa la tatu.

"Kuni za bondeni nazo ni kuni," alisema Mzee Ndahani, mpogoleaji wa kahawa, Mgogo na mtani mkubwa wa Baba. "Au wewe Mnyaturu unaogopa mteremko?"

"Naogopa kubeba Mgogo. Atalila tela njiani."

Ndivyo walivyokubaliana. Alfajiri tukapanda telani, wanawake wanane na magunia yao, watoto tusiohesabika, na Mzee Ndahani akishika shoka ili ionekane safari ni ya kuni kweli. Barabara ilishuka ikitutupa huku na huku. Hewa ikawa ya joto, migunga ikachukua nafasi ya kahawa, vumbi likatupaka sote rangi moja. Tulipofika kwenye mikoche ya Mang'ola tulianza kusimama telani ili tuwe wa kwanza kuliona ziwa. Tuliona weupe. Maji yalikuwa mbali, mstari mwembamba, na juu yake rangi ya waridi iliyotikisika, ambayo Mama alisema ni heroe, ndege wenye miguu kama fito.

Sijawahi kuwa na siku nyingine kama ile. Ganda la chumvi lilivunjika chini ya visigino kama ukoko wa ugali. Tulikimbia bila kuona mwisho wa pa kukimbilia, tukalamba viganja, tukafika kwenye maji, yakawa ya uvuguvugu na mafupi hata aliyetaka kuzama ilibidi alale. Heroe waliruka wote kwa pamoja, wakashuka mbele kidogo, kana kwamba walitaka tu kutuonyesha kwamba wanaweza. Nyuma yetu kina mama walikwangua kwa majembe na sahani za bati, wakiimba. Saa sita magunia yalikuwa yamejaa, nayo yalikuwa mbali na trekta.

"Baba Neema, sogeza kidogo," Mama alisema. Neema ni mimi. "Shingo zetu si za punda."

Mchungaji mmoja wa Kidatoga alikuwa amesimama na ng'ombe wake kwenye majani, akituangalia toka tulipofika. Akanyoosha fimbo kuonyesha ule weupe.

"Ng'ombe wangu hawapiti hapo," alisema.

Baba akasita. Mzee Ndahani akapiga teke ganda, likatoa sauti ngumu kama sakafu. "Ng'ombe ana kwato zenye ncha, zinatoboa," alisema. "Hili lina matairi mapana. Linatembea juu kama bata."

Hoja ilikuwa na akili ndani yake, na hilo ndilo baya lake. Trekta lilitembea kama bata kweli, likafika kwenye magunia, likapakiwa, kisha ganda likapasuka na gurudumu la nyuma likaingia kwenye tope jeusi linalonuka yai bovu. Baba akaongeza moto, likazama zaidi. Akazima injini. Nyimbo zikakoma. Baba alishuka, akazunguka trekta, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyefika msibani. Nilitazama uso wake nikaona tayari anahesabu vyombo vyetu vya nyumbani.

Walipakua tela, wakalifungua, wakachimba. Wakaleta makuti ya mikoche, gurudumu likayameza. Mdatoga aliacha ng'ombe wake akaja kusukuma, bado likakataa. Ndipo Mama akavuta gunia lake la chumvi, akaliburuta mpaka kwenye gurudumu, akalisukumia chini kwa mguu.

"Shemeji, hiyo ni chumvi," alisema Mzee Ndahani.

"Nimeikwangua mwenyewe, naijua."

Wanawake wengine walitazamana. Mama Tatu, jirani yetu wa mlango wa pili, alikalia gunia lake. Alikuwa mtu wa maneno. "Watoto wangu wamekula maharage ya hospitali miezi miwili," alisema, "halafu leo chumvi yangu ilishwe trekta?" Akamtazama Baba na kofia yake. Akainuka. "Haya, chukueni. Nilikuwa napumzika tu."

Magunia manane yalikwenda chini ya magurudumu. Trekta likanguruma, likayakanyaga moja baada ya jingine, likapanda kwenye majani. Tela tupu tulilivuta kwa mnyororo, huku wengine tukisukuma. Nyuma yetu tope lilifunga mdomo. Hakuna aliyekuwa na muda wa kukwangua upya. Jua lilikuwa limegeuka, na kuni tulikuwa bado hatujakata. Mabaki yote ya chumvi ya siku ile yalikuwa sufuria moja, ambayo Mama alikuwa ameijaza mapema na kuifunika kwa khanga.

Tulikata kuni upesi, kisha kwenye chemchemi ya Mang'ola tukaoga na kuliosha trekta. Chumvi hula chuma, na weupe wake ungesema kila kitu. Watoto tuliingia chini kwa mafungu ya majani, tukasugua hadi rangi nyekundu ikaonekana, ambayo wengine hatukuwahi kujua kwamba ipo.

Hapo ndipo tulipokosea. Jumatatu asubuhi, tukipita kwenda shule, tulimkuta Meneja amelisimamia trekta lake. Halijapata kuwa safi vile tangu linunuliwe.

"Limekwenda harusini?" aliuliza.

"Kuni, bwana," alisema Baba.

Meneja akainama, akakwangua kwa kidole nyuma ya ngazi ya dereva, mahali ambapo mikono yetu haikufika. Akalamba. "Kuni gani hizi zenye chumvi?"

"Miti ya bondeni, bwana," Mzee Ndahani alidakia. "Joto. Ukiikata inatoa jasho."

Meneja alifuta kidole kwenye suruali, akamgeukia Baba. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani yake, "Kwangu wiki ya tatu hii tunakula chukuchuku, hata chumvi hakuna."

Mchana ule Mama alipeleka ile sufuria ya chumvi nyumba ya juu, kwa Meneja. Ilirudi tupu, imeoshwa. Tukaendelea kula maharage yetu yasiyo na kitu, na Baba akaendelea kuwa dereva.

Mwaka jana nilishuka Eyasi na mwanangu. Njia ina vibao vya kambi za watalii, na wageni huletwa jioni kunywa vinywaji huku wakilitazama jua. Ziwa lenyewe bado pori. Mwanangu alitafuta mtandao kwa kuinyoosha simu juu, akapiga picha, kisha akaniuliza tulikuwa tunafuata nini huku. Nilimsimulia yote.

"Kwa hiyo mlirudi mikono mitupu," alisema. "Si hasara hiyo?"

Nikamwambia tulirudi na babu yake akiwa na kazi. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akarudi kwenye simu. Simlaumu. Siku hizi kila mtu ana pakiti yake ya chumvi jikoni, mimi mwenyewe ninazo mbili, na kwenye mtaa ninaokaa sijui ni jirani gani angeiweka yake chini ya gurudumu kwa ajili yangu.