Kitundu cha Chini ya Kamera

Siku yangu ya kwanza garajini Kasongo nilifika na diploma ya umeme ndani ya bahasha ya plastiki. Shefu wa garaji hakuifungua. Alinipeleka kwenye lori lililojengewa nyumba: vitanda vinne, jiko la gesi, sinki. Wauguzi wa chanjo walilala humo walipozunguka vijiji vya Kabambare. Nyumba ile haikuwa na dirisha la nyuma, kwa hiyo dereva akirudi nyuma alitegemea kamera iliyofungwa juu ya mlango, iliyomletea picha kwenye skrini kando ya usukani.

"Mvua ikinyesha, kamera inaingia maji," shefu alisema. "Ziba."

Niliuliza maji yanapita wapi, na nani aliitengeneza kabla yangu.

"Injenia, nilisema ziba. Sikusema uliza."

Basi nikaziba. Nilipaka silikoni, gundi inayokauka kama mpira, kuizunguka kamera yote, pamoja na kitundu cha chini kisichozidi punje ya mchele. Papa Saidi, dereva aliyejua barabara ya Wamaza kabla sijazaliwa, alikuwa akimenya karanga kwenye ngazi ya gari.

"Juu ya nini unafunga na ile katundu?"

"Maji yasiingie, Papa."

"Sawa. Ni wewe ulisoma."

Mvua kubwa iliyofuata ilimkuta Papa Saidi kule Wamaza. Akirudi nyuma, aliangusha ukuta wa jiko la shule. Hakukuwa na mtu ndani. Alisema skrini ilijaa ukungu mutupu. Lakini alipofika Kasongo jua lilikuwa limeshakausha kioo cha kamera, na picha ilikuwa safi. Shefu akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Muzee, macho yako imechoka. Siku ya kwanza ya juma utaleta funguo."

"Macho yangu iko muzima, Shefu," alijibu, mara moja tu. Akaenda kuanua shati lake kwenye kamba.

Chuoni nilijulikana kwa kubishana na kila profesa. Kazi ya mkono wangu mwenyewe sikuwahi kuitilia shaka. Jioni ile nilipanda ngazi na ndoo ya maji. Nilimwagia kamera: hakuna kilichoingia. Nilimwagia paa, waya unapotokea: maji yakaufuata waya taratibu, yakazama nyuma ya kamera. Nilipoifungua, kijiko kizima cha maji kilinimwagikia kiganjani. Kitundu kile walichokitoboa kiwandani kilikuwa njia ya maji kutoka, na mimi ndiye niliyeifunga.

Ningeweza kukausha na kunyamaza. Nilimwita shefu.

"Macho ya Papa Saidi ni mazima. Kosa ni langu."

Alikiangalia kiganja changu kilicholowa. "Na ile diploma?"

"Bado iko kwenye bahasha."

Papa Saidi, aliyekuwa amesimama kando ya kamba ya nguo, alicheka mpaka akakohoa. "Muache, Shefu. Huyu hata yeye mwenyewe anajiuliza sasa." Shefu akamwambia Papa Saidi abaki na funguo zake.

Kesho yake nilizibua kitundu kwa sindano, nikabadilisha mpira wa nyuma ya kamera. Bado waya ulileta maji. Papa Saidi alinionyesha kwa kidole kamba yake ya nguo. "Angalia. Maji inaangukia pale kamba inalegea." Nikaulegeza waya, ukaning'inia chini ya kamera kabla ya kupanda tena kuiingia. Tangu hapo maji yalidondoka kwenye pindo la waya, na skrini haikupata ukungu tena.

Aliendesha miaka mitatu zaidi, kisha akaleta funguo mwenyewe, siku aliyoichagua yeye. Mwaka huu nami nimeondoka, nakwenda kufundisha umeme. Wanaoona miaka sita ya garaji ni michache mno kwa mtu kuandika kumbukumbu wana haki ya kuuliza. Mimi ningeuliza.

Siku yangu ya mwisho Papa Saidi alikuja kuniaga, na karanga zake. Faida, fundi anayechukua nafasi yangu, alikuwa juu ya ngazi, amepitisha kidole chini ya kamera.

"Yaya," aliniita, kama mtu amwitavyo mkubwa wake, "juu ya nini mliacha tundu hapa? Nizibe?"

Papa Saidi alianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikampa Faida ndoo.