Ng'ombe Kwenye Viazi

Nelvine alijifunza kukimbia akifukuza ng'ombe wasiingie kwenye majani chai ya watu kule Kimulot. Msimu mmoja hakuna msichana wa shule yoyote aliyemshinda mbio za nyika. Siku ya fainali huko Londiani, akiwa mbele peke yake, aliona ng'ombe ndani ya shamba la viazi. Akaacha njia, akamtoa, akafunga lango, ndipo akarudi mbioni. Alimaliza wa tisa.

Kocha wao, mwalimu Ogeto, alinuna hadi Kimulot. Nyumbani, mamake alikuwa amemwekea mursik, maziwa ya kibuyu wanayopewa washindi. Alisikiliza kisa chote, kisha akauliza, "Alikuwa amekula sana?"

"Laini moja tu ya viazi, mama."

Mama akafungua kibuyu.