Nilimnyamazisha Mwanafunzi Aliyenizidi

Nilikosea, na sina wa kumsingizia. Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule moja ya bweni ya wasichana karibu na Naro Moru. Mkuu wetu hataki kusikia Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, nami nilijifanya askari wake.

Mwaka juzi tulikuwa tunasoma tamthilia ya ajuza ambaye ng'ombe wake wote wamekufa kwa ukame. Hata hivyo, kila jioni anafungua lango la zizi tupu. Niliwasomea wasichana maelezo wayaandike: amerukwa na akili. Nilikuwa nimeyanakili kutoka kwenye kijitabu cha mwongozo nilichonunua Nanyuki. Sikujiuliza zaidi.

Siku ya majadiliano alisimama msichana wa wafugaji kutoka Doldol, nitamwita Naserian. Alianza kwa Kiingereza, akakwama, akahamia Kiswahili.

"Huyo mama si wazimu. Akiwacha kufungua, ni kama amekubali ng'ombe zimeisha. Shosho yangu alikuwa anafanya hivyo ile time zetu zilikufa."

Nilisisimka kumsikia akimtaja nyanya yake, kisha nikaona wivu. Ndiyo, wivu! Mtoto ameona jambo ambalo mimi na digrii yangu sikuliona.

"Sema na Kiingereza ama ukae," nikamwambia.

"Madam, wacha tu nimalize."

"Kaa chini. Na hiyo si jibu."

Wenzake walicheka. Alikaa, na tangu siku hiyo hakuinua mkono tena katika somo langu.

Mtihani wa majaribio uliotungwa nje ya shule ukauliza kwa nini ajuza anafungua lango. Darasa zima liliandika amerukwa na akili, kwa maneno yangu yale yale, na wote wakakosa. Jibu lililotakiwa lilikuwa la Naserian. Yeye pia alikuwa ameandika langu.

Nilimwita ofisini. "Mbona hukuandika yale ulisema siku ile?"

"Si ulisema hiyo si jibu, Madam?"

Hakusema kwa jeuri. Afadhali angekuwa na jeuri.

Nilimwomba msamaha. Nikaanza kuwaacha wajadili kwanza kwa Kiswahili, licha ya agizo la mkuu, halafu tunatafuta pamoja maneno ya Kiingereza ya kuandika. Wengine walichangamka ajabu. Naserian alinakili tu, kimya, hadi akamaliza kidato cha nne.

Huyu ndiye aliyeniambia akiwa kidato cha kwanza kwamba anataka kufundisha fasihi. Juzi nilikutana naye Nanyuki, nikamuuliza anasomea nini.

"Mambo ya hoteli, Madam. Hizo vitabu niliona si zangu."

Nilitembea hadi stendi nikijifuta macho kama mtoto.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akianza kukueleza kitabu kwa lugha anayoiweza, meza kiburi chako umwache amalize. Kiingereza mtakitafuta pamoja baadaye. Mimi nilikipata Kiingereza safi nilichokitaka, nikampoteza mwalimu ambaye angenishinda.